Kaskazi na Kusi Ndani ya Nyumba Zetu

Muulize mtoto wa darasa la nne wa Mombasa, Malindi au Lamu majira ya mwaka ni mangapi, na huenda akakujibu upesi kuwa ni manne. Atakutajia theluji na majani yanayopukutika, mambo asiyoyaona kwao, kwa kuwa ndiyo aliyoyakuta katika vitabu vya picha na katuni. Kisha muulize upepo unaovuma leo watoka upande gani, na waitwaje. Wengi watanyamaza. Si kosa la mtoto. Elimu hiyo haikuwa ya darasani hata zamani. Ilikuwa ya barazani, ufuoni na jikoni, na walioishika zaidi walikuwa kina mama, kwa sababu ndio waliojua lini kuanika, lini kuweka akiba ya samaki, na lini kuhamisha malazi ya watoto kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Makala haya yanahusu elimu hiyo, na sababu ya kuiandikia sasa ni kwamba twaihitaji kuliko walivyoihitaji wazazi wetu. Ramadhani imekwisha kuingia katika miezi ya joto kali kabisa ya mwaka wa Pwani na itakaa humo kwa miaka kadhaa, nazo nyumba tunazozijenga na kuzipanga hivi leo zimeupa upepo kisogo.

Lugha yetu yenyewe imejengwa juu ya pepo mbili. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, na kusini ni kunakotoka kusi. Neno msimu tumelipata katika Kiarabu, na neno hilohilo lilipita kwa mabaharia wa Kireno likaingia katika lugha za Ulaya kuwa jina la pepo hizi za Bahari ya Hindi. Hata majira, ambayo kwetu ni nyakati za mwaka, ni pia njia inayofuatwa na chombo baharini. Watu waliosema hivyo hawakuutenga wakati na upepo.

Mwaka wa Pwani huenda hivi. Kaskazi hujitokeza mwezi wa Novemba, ikakaza Desemba na Januari, kisha ikalegea kufikia Machi. Hutoka kaskazini-mashariki, ni kavu, na bahari yake ni tulivu. Ndiyo miezi ya samaki wengi, ya maembe, na ya kutandaza vitu juani: achari ya embe, ng'onda, pilipili. Januari na Februari ndiyo miezi yenye mvua chache kabisa mjini Mombasa. Kadiri kaskazi inavyofifia ndivyo joto linavyopanda, mpaka mwezi wa Machi kipimo cha mchana kinafika digrii 32 au 33, na usiku nao haupoi. Halafu hufuata kipindi cha maleleji, upepo usiokuwa na msimamo, ambacho manahodha hukiita pia tanga mbili kwa kuwa chombo chaweza kushika njia ya huku au ya huko.

Kusi huingia pamoja na mvua za mwaka, ambazo wenzetu wa Unguja na bara huziita masika. Huanza mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote mjini Mombasa; Nairobi kilele chake ni Aprili. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Joto la mchana hushuka hadi digrii 27 au 28, la usiku hadi 20 au 21, na wazee wetu hutoa mashali na kulalamikia baridi, jambo linalowachekesha sana wageni kutoka Limuru. Bahari huchafuka, wavuvi wa ngalawa na madau hawathubutu kutoka nje ya miamba, na bei ya samaki sokoni hupanda. Ndipo akiba ya ng'onda na papa iliyoanikwa wakati wa kaskazi ilipokuwa na thamani yake. Septemba na Oktoba ni demani, kusi ikiwa imelainika, na kwa maoni yangu hakuna wakati mwanana kuliko huo. Kisha huja vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ambazo tangu zamani hazikuwa za kutegemewa sana.

Huenda msomaji akajiuliza mbona Machi inachoma hivyo. Mombasa iko digrii nne kusini mwa Ikweta, kwa hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena mapema Oktoba. Siku hizo kijiti kilichosimikwa wima hukosa kivuli jua linapofika kati ya mbingu, na aliyezoea kuitambua adhuhuri kwa kivuli huliona hilo waziwazi. Jua ni lilelile katika miezi yote miwili. Mbona Oktoba hatuteseki kama Machi? Jawabu liko baharini. Kufikia Oktoba bahari imepoozwa na miezi mingi ya kusi. Kufikia Machi imepashwa moto na jua la miezi ya kaskazi, na upepo ndio kwanza unakatika.

Pepo zenyewe chanzo chake ni mbali. Desemba na Januari bara la Asia huwa baridi, hewa yake ikawa nzito, ikamiminika kuelekea kwetu. Katikati ya mwaka bara hilo hupata moto, hewa yake ikapaa, na nafasi yake ikajazwa na hewa inayovutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alichapisha utafiti kuonyesha kwamba kusi ya miezi hiyo ni sehemu ya mkondo mkubwa wa upepo wa kasi, usiokuwa juu sana kutoka ardhini, upitao mashariki mwa Kenya na Somalia kisha ukageuka kuvuka Bahari ya Arabuni hadi India. Familia zenye jamaa Omani zinaujua mkondo huo bila ya kitabu. Upepo unaotupa kipupwe sisi ndio ule ambao, ukifika Dhofar, huufunika mji wa Salalah kwa ukungu na manyunyu kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, wakati Maskati inaungua.

Hesabu ya mabaharia

Gharama ya kutoujua upepo imeandikwa katika historia ya Pwani hii. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, hakuelewana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi, ambako mfalme alimpa rubani. Kusi ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Kwa uongozi wa rubani huyo alivuka hadi pwani ya India kwa majuma matatu na siku chache tu. (Wengi wetu tulifundishwa kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo, na ni heri kwa jina la bwana huyo.) Wakati wa kurudi, da Gama hakungoja. Aling'oa nanga mapema Oktoba, kabla kaskazi haijasimama, na safari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu. Watu wake wapatao 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga.

Ibn Majid mwenyewe, katika kitabu chake cha elimu ya bahari alichokimaliza karibu na mwaka 1490, alitaja nyakati za kufunga safari kwa hesabu ya siku za Nairuzi. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa pia ya wakulima na wavuvi wa Uswahilini: mwaka wa jua wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku, na siku tano za mwisho kukamilisha. Mzee aliyesema kuwa mbegu zitiwe ardhini mwongo fulani hakuwa akipiga ramli. Alikuwa akisoma kalenda. Makunduchi, Unguja, kuingia kwa mwaka huo bado kunaadhimishwa mwezi wa Julai. Zipo desturi zilizoambatana na siku hiyo ambazo masheikh wetu wamezizungumza vya kutosha, na si kazi ya makala haya kuzirudia. Tunachokitazama hapa ni hesabu tu.

Kwa nini Waislamu wenye kalenda yao ya Hijria walihitaji hesabu ya pili? Kwa sababu miezi ya Hijria hufuata mwezi mwandamo, na miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 au 355. Kila mwaka Muharram huja mapema kwa siku 11 hivi kuliko mwaka uliotangulia kwa hesabu ya jua, na huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33. Ibada zikafuata mwezi. Mbegu, nyavu na matanga yakafuata jua. Nyumba ya Mswahili ilikuwa na kalenda mbili, na mama wa nyumba alizijua zote mbili kwa moyo.

Nyumba iliyoupa upepo kisogo

Tazama nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale, Mombasa. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na huchukua saa nyingi kupata moto. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuwa ndefu zaidi, lakini dari ziliinuliwa juu ili joto lipande. Vichochoro ni vyembamba, jua halivifikii ila saa chache. Ndani mna kiwanda kilicho wazi kuvuta hewa, nje ya mlango mna daka la kukaa kivulini. Chokaa nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Katika nyumba nyingi za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, darini, ili moshi na joto la meko vichukuliwe na upepo bila ya kupita vyumbani mwa watu. Mwanamke aliyepika huko juu alikuwa na hewa, na alikuwa na sitara.

Sasa tazama tunachojenga. Kuta za matofali membamba, bati lisilokuwa na dari, madirisha ya vioo ya kusukuma ambayo hata yakifunguliwa hufunguka nusu tu, na uani, uliokuwa na mwembe au mwarobaini, pamemwagwa zege au kupangwa kabro. Ghorofa moja imeisogelea nyingine hata jirani asikia kijiko chako. Kisha twanunua feni, na mwenye uwezo hununua kiyoyozi, na umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa Machi twatoka nje kutafuta kivuli cha mti tuliokwisha kuukata.

Sisemi turudi kwenye matumbawe na boriti. Mawe hayo hayapatikani kwa urahisi, mikoko ina haki yake ya kuachwa isimame, na familia nyingi zimepanga, hazikujenga. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi, yahitaji kujua tu. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki: kwa pwani yetu zote mbili hutoka upande wa baharini. Maana yake ni kwamba chumba chenye uwazi upande wa mashariki hupata upepo karibu mwaka mzima, ilmradi pia kuna mahali pa upepo kutokea upande wa pili. Upepo hauingii mahali pasipo na mlango wa kutokea. Anayetafuta nyumba ya kupanga na asiulize tu kodi na maji. Na asimame katikati ya sebule, afungue madirisha ya pande mbili, aone kama pazia linatikisika. Jiko na liwe upande wa magharibi, ambako moshi utasukumwa nje badala ya kurudishwa ndani. Anayepaka rangi paa au ukuta unaopigwa na jua la alasiri, nyeupe itampunguzia joto kuliko rangi nyingine yoyote. Na mti mmoja wa kivuli upande wa magharibi wa nyumba una faida kuliko feni mbili, ingawa haununuliwi siku moja.

Maji ni jambo la pili. Watu wa visiwa vya Lamu walijenga jabia za kukingia mvua za mwaka ili zifike kaskazi, na visima vya Lamu hutegemea mvua iliyochujwa na vichuguu vya mchanga vya Shela. Mombasa hunywa maji yanayosafirishwa kutoka mbali, Mzima na Baricho, na kila familia inajua kuwa hayatoshi. Kwa hivyo twahifadhi: mapipa, ndoo, matangi. Hapo pana hatari ambayo bibi zetu hawakuisikia sana. Mbu wa homa ya dengi na chikungunya huzaliana katika maji safi yaliyotulia, na si lazima yawe ya dimbwini. Pipa lisilofunikwa nyuma ya nyumba lamtosha. Mombasa imepata milipuko ya dengi mwaka 2013 na 2017, na chikungunya kuanzia mwisho wa mwaka 2017. Mbu huyo huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Kila chombo na kiwe na kifuniko, na kisuguliwe ndani mara moja kwa juma, kwa sababu mayai hushika kwenye ukingo hata maji yakimwagwa.

Lazima pia tuseme kuwa kalenda ya bibi haisomeki tena kwa uhakika uleule. Bahari ya Hindi ina mizani yake: maji ya upande wetu yakipata moto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa, vuli huja na gharika. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, ikawa 2019, ikawa tena 2023. Joto la bahari la mwanzoni mwa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na samaki wakapungua pale matumbawe yalipokufa. Kwa upande mwingine, kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana katika sehemu kubwa za nchi, na ndugu zetu wa Tana River na maeneo ya ndani ya Kilifi na Kwale walizika mifugo. Majina ya majira yamebaki, miezi yake inayumba. Hilo si sababu ya kuyasahau. Asiyejua vuli huwa lini hawezi kujua kuwa imechelewa.

Ramadhani ya kaskazi

Tumefika kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Nani anakumbuka Ramadhani za 2014, 2015 na 2016? Ziliingia kati ya mwisho wa Juni na mapema Juni, kipupwe kitupu. Jamaa zetu walioko London walifunga zaidi ya saa 18, wakituonea gere. Sisi urefu wa mchana haubadiliki sana. Kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa Mombasa tofauti ni karibu nusu saa tu, na saumu yetu ni ya saa 13 na nusu hivi mwaka nenda mwaka rudi. Kinachobadilika kwetu ni joto. Sasa mambo yamegeuka: wao wa London wanaelekea kwenye saumu fupi za baridi, na sisi tumeingia kwenye kaskazi.

Joto la Pwani lina hila. Si kipimo chake kinachodhuru, ni unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa iliyojaa unyevu hairuhusu likauke, kwa hivyo mtu hupoteza maji mengi bila ya kupata nafuu. Ongeza hapo jiko. Saa tisa hadi kumi na mbili alasiri, wakati nyumba imeshiba jua la siku nzima, ndipo mama aliyefunga husimama mbele ya karai la mafuta akikaanga sambusa, bhajia na katlesi, huku vitumbua vikisubiri. Wengine wa nyumbani wamelala chini ya feni. Nalisema hili bila ya kificho: mpangilio huo haukuamrishwa na dini, ni mazoea, na mazoea hayo yaliweza kuvumilika Ramadhani ilipokuwa katika kipupwe.

Kinachoweza kusongezwa na kisongezwe. Sambusa hukunjwa asubuhi au siku za kabla, zikakaangwa chache dakika za mwisho. Maharagwe na mbaazi huchemshwa baada ya daku, kabla jua halijapanda, zikabaki kutiwa tui tu. Siku nyingine futari iwe ya tende, maji, matunda na uji, na hakuna atakayekufa kwa kukosa bhajia. Waume na vijana wa kiume wana mikono. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye sukari au ugonjwa wa figo na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na amuulize sheikh kuhusu ruhusa aliyopewa na sheria, badala ya kujipima nguvu kwa kuona aibu. Baina ya futari na daku maji yanywewe kidogo kidogo usiku kucha. Lita moja inayomiminwa kooni dakika tano kabla ya adhana ya alfajiri haikai mwilini. Na wazee walalao vyumba vya chini ya bati wahamishiwe chumba chenye upepo, hata kama ni sebuleni.

Kwa hesabu, na mwandamo ndio wenye hukumu, Ramadhani ya 2027 itaingia karibu na tarehe 8 Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza siku za mwanzo za Januari na nyingine siku za mwisho za Desemba, zote mbili kaskazi ikivuma. Kufikia 2033 itakuwa imerudi nyuma hadi Novemba, ndani ya vuli, na tutaanza kuulizana nani ana mwavuli wa kwendea tarawehe.